Majina na Milki: Historia ya Gorila wa Milima ya Virunga

Historia ya uhifadhi wa wanyama huandikwa aghalabu kwa tarakimu: hekta zilizotengwa, wanyama waliohesabiwa. Makala hii inakusudia kuitazama historia hiyo kwa upande wa majina. Mfano wetu ni milima ya Virunga, iliyoko mpakani mwa Kongo, Rwanda na Uganda. Dai letu ni kwamba jina huonyesha ni nani aliyejiona mwenye mlima, na kwa haki gani.

Tuanze na majina ya wenyeji. Virunga latokana na ibirunga, neno la Kinyarwanda lenye maana ya volkeno. Sabyinyo ni mwenye meno, kwa jinsi vilele vyake vilivyochongoka. Karisimbi hunasibishwa na isimbi, kauri nyeupe, kwa sababu ya weupe unaotanda kileleni. Msomaji atalikumbuka neno letu simbi. Muhabura ni amrudishaye njiani aliyepotea. Majina haya hayamtaji mmiliki yeyote; yanataja sura ya mlima na manufaa yake.

Mnamo Oktoba 1902, Robert von Beringe, ofisa wa jeshi la Wajerumani, aliwapiga risasi gorila wawili katika mlima Sabyinyo. Mmoja alipelekwa Berlin, na mwaka 1903 mtaalamu Paul Matschie akampa mnyama huyo jina la kisayansi la beringei. Wenyeji walikuwa wakimwita ingagi tangu zamani. Hivyo mnyama akachukua jina la aliyemwua, na sayansi ikamhesabu kuwa amegunduliwa.

Mwaka 1921 Mmarekani Carl Akeley naye aliwaua gorila kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, kisha akageuka kuwa mtetezi wao. Mwaka 1925 mbuga ikatengwa upande wa Kongo, ikaitwa Albert kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji. Mwaka 1929 ikapanuliwa hadi Rwanda. Haifai kuibeza kazi hiyo, maana bila ya mbuga huenda leo tusingekuwa na gorila wa kuzungumzia. Lakini pia haifai kusahau kwamba mlima uliokuwa malisho, dawa na kuni za watu uligeuka mali ya mfalme aliye mbali. Baada ya uhuru, Kongo ililiondoa jina la Albert na kulirejesha la Virunga.

Hata hivyo, kurejesha jina si kurejesha haki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 takriban hekta 10,000 za mbuga upande wa Rwanda zilitolewa kwa kilimo cha pareto. Gorila wakapoteza makao. Mwaka 1991 Uganda ilipofanya Bwindi na Mgahinga kuwa mbuga za taifa, Batwa walioishi kwa msitu huo walitolewa, wengi wao bila ya ardhi nyingine. Hapa ni binadamu waliopoteza makao, na gorila wakapata hifadhi.

Dian Fossey, aliyeanzisha kituo cha Karisoke mwaka 1967, alimwita gorila mmoja Digit, yaani Kidole, kwa sababu ya kidole chake kilichopinda. Jina hilo lafuata kanuni ileile ya Sabyinyo: kuangalia kwanza, kuita baadaye. Majangili walipomwua Digit tarehe 31 Desemba 1977, walimwengu walimlilia kama mtu, kwa kuwa alikuwa na jina. Tangu 2005 Rwanda huadhimisha Kwita Izina, sherehe ya kuwapa majina watoto wa gorila, kwa mfano wa desturi ya kumpa mtoto mchanga jina. Mswahili hahitaji mkalimani: kwita izina ni kuita jina.

Hesabu ya 1981 ilipata gorila 254 katika Virunga. Hesabu ya 2015 na 2016 ilipata 604. Hayo ni mafanikio yasiyokanika. Lakini wakati kila mtoto wa gorila anapewa jina mbele ya umati, majina ambayo Batwa waliyapa mapito, miti na dawa za msitu yanazikwa pamoja na wazee wao. Kuyakusanya si kazi ya askari wa wanyama. Ni kazi yetu sisi wanaisimu, na muda wake si mrefu.