FUNDI: NENO HILI NA ASILI YAKE

Ndugu wakaazi wa kambi, na ndugu wafanyakazi wa mashirika,

Katika toleo hili la ukumbusho Kamati imeona vema kueleza neno moja ambalo wengi wetu tulivuka nalo mpaka. Kutoka Kasindi, ukapita Mpondwe na Bwera hadi mjini Kasese, mshona nguo, mwashi, seremala na mtengeneza baiskeli wote huitwa fundi.

Wako wanaodhani kwamba neno hili lililetwa na Wazungu pamoja na reli. Sivyo. Ni neno la Kibantu, la ukoo mmoja na kitenzi cha zamani kufunda, yaani kutia mtu elimu na adabu. Humo tumepata kufundisha, mafunzo, mwanafunzi na mkufunzi. Hata kujifunza, asili yake ni kujifundisha mwenyewe. Wazulu nao husema funda kwa kusoma, na mchungaji wa kanisa humwita umfundisi. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kuwa fundi ni mjuzi wa kazi anayeweza kuwafundisha wengine.

Kasese yenyewe ilikua kwa mikono ya mafundi. Reli ilifika mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na machimbo yale yalihitaji mafundi wa mitambo, wa umeme na wa ujenzi.

Hapa kambini mafundi tunao, lakini vyeti vya wengi viliungua au viliachwa njiani, na wengine walifunzwa na baba au mjomba, bila cheti chochote. Mtu wa namna hiyo huandikwa kuwa hana ujuzi. Ndugu wa mashirika, tunawaomba: mwulizeni pia ni nani aliyemfunza, na yeye amemfunza nani, kisha mpeni kazi muuone mkono wake. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi.

Nanyi mafundi, msikae na ujuzi peke yenu. Asiyefundisha amebaki na nusu ya jina lake. Kila mmoja achukue kijana, wa kiume au wa kike, amshikishe nyundo au sindano. Siku ya kurudi nyumbani, nyumba zilizoungua zitahitaji mafundi wengi kuliko tuliotoka nao.

Kamati yenu ya Kambi