Talaka Isiyodai Kosa

Ukiambiwa kwamba mwanamke fulani mtaani "ameachwa bila kosa", huhitaji ufafanuzi. Unajua hakutukana wakwe, hakutoka nje ya ndoa, hakufuja mali, na bado amefungishwa virago. Kuachwa bila kosa, kwa Kiswahili cha kila siku, ni kudhulumiwa. Ndiyo maana siikubali istilahi "talaka bila kosa", ambayo humjia haraka mdomoni mtu anayetaka kueleza utaratibu wa talaka wa California au wa Uingereza. Msikilizaji huelewa kinyume. Hudhani ameelezwa sheria inayohalalisha dhuluma.

Utaratibu wenyewe hausemi kwamba hakuna aliyekosa. Kosa huenda lipo, tena zito. Kinachosemwa ni kwamba mahakama haitaki lithibitishwe ndipo ivunje ndoa. Kwa hiyo naona tuseme talaka isiyodai kosa, na ile nyingine, inayomtaka mwombaji amthibitishie mwenzake hatia, tuiite talaka ya kosa. Tofauti ya maneno ni ndogo, lakini mtu anayekwenda kutafuta haki yake anastahili kujua anaombwa athibitishe nini.

Talaka ya kosa ina historia ndefu. Katika sheria ya Uingereza, mpaka mwaka 1937 uzinzi ulikuwa karibu ndiyo sababu pekee ya kuomba talaka mahakamani. Mwaka huo yakaongezwa ukatili, utelekezaji na wazimu usiotibika. Sheria hiyo iliwabana zaidi wale waliokwisha kukubaliana. Mume na mke wakionekana wamepatana waachane, mahakama iliyaita mapatano yao njama na kuwanyima talaka. Matokeo yake watu walilazimika kuigiza dhambi: mume alikwenda hotelini na mwanamke wa kukodi, wakaonekana na mhudumu asubuhi, na mhudumu akaja kutoa ushahidi. Sheria iliyodai kulinda heshima ya ndoa ikawa inafundisha watu kusema uongo chini ya kiapo.

California ilibadilisha mkondo. Sheria yake mpya, iliyoanza kutumika Januari 1, 1970, iliweka kando uzinzi na ukatili, ikabakiza sababu mbili tu: tofauti zisizopatanishika, na wazimu usiotibika. Uingereza ilifuata kwa kusitasita. Kuanzia mwaka 1971 ilikubali kwamba sababu ya talaka ni moja, kuvunjika kwa ndoa, lakini ikamtaka mwombaji athibitishe jambo mojawapo kati ya matano, na mengi kati ya hayo yalikuwa makosa yaleyale ya zamani. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilimkatalia talaka mwanamke ambaye ndoa yake ilikuwa na takriban miaka arobaini. Jaji aliyesikiliza kesi mwanzoni alikubali kwamba ndoa ilikuwa imekufa. Lakini mume alipinga, na mwenendo wake haukufikia kiwango kilichotakiwa na sheria. Ilimbidi mwanamke huyo asubiri mpaka watimize miaka mitano ya kuishi mbalimbali. Kesi ile iliwaumiza wengi, na sheria iliyopitishwa mwaka 2020 ikaanza kutumika Aprili 6, 2022: tamko la mwombaji kwamba ndoa imevunjika linatosha, wawili wanaweza kuomba pamoja, wanasubiri wiki 20 kabla ya amri ya awali, kisha wiki 6 kabla ya amri ya mwisho.

Tanzania je? Hapa ndipo istilahi hizi mbili zinapoelemewa, kwa sababu sheria yetu haiingii moja kwa moja katika chungu chochote. Sheria ya Ndoa, iliyoanza kutumika Tanzania Bara Mei 1, 1971, inatambua sababu moja tu ya talaka: kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutoweza kurekebishika. Kifungu cha 107 kinaorodhesha mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi wa hilo: uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kutelekezwa kwa miaka isiyopungua mitatu, kutengana kwa hiari kwa muda huohuo, kifungo cha miaka isiyopungua mitano, na mengineyo.

Soma neno "ushahidi" kwa makini. Watu wengi, na baadhi ya wanaowaandikia maombi, huisoma orodha ile kama orodha ya mashtaka: nikithibitisha uzinzi, napata talaka. Kifungu kinasema wazi kwamba kuthibitisha jambo lolote kati ya hayo hakumpi mtu talaka kama haki yake. Hakimu bado lazima ajiulize kama nyumba hii imebomoka kabisa au la. Vilevile kutengana kwa hiari kwa miaka mitatu, ambako hakuna aliyekosa, kumo katika orodha hiyohiyo pamoja na ukatili. Kwa upande mwingine kosa halijafutwa. Mahakama itakataa ombi lililojengwa juu ya makosa ya mwombaji mwenyewe peke yake, isipokuwa iwe na sababu maalumu. Huwezi kuzini, halafu ukauleta uzinzi wako kuwa ndiyo hoja ya kuachana. Kwa jina sahihi, basi, hii ni talaka ya ndoa iliyovunjika, na kosa ni njia mojawapo tu ya kuonyesha mvunjiko huo. Kenya nayo, katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, imeweka kuvunjika kwa ndoa sambamba na uzinzi, ukatili na utelekezaji, kana kwamba ni sababu mojawapo kati ya nyingi. Mpangilio wa Tanzania naona ni bora, kwa kuwa unamwekea hakimu swali moja la kujibu.

Waislamu wana istilahi zao, tena sahihi kuliko nyingi tunazozitafsiri. Talaka hasa ni tendo la mume, naye halazimiki kutaja kosa la mke. Khului ni ya mke anayejivua katika ndoa kwa kurudisha mahari au kutoa fidia nyingine. Faskhi ni ya kadhi, anayeivunja ndoa baada ya kuthibitishiwa madhara, kama vile mume kutotoa matumizi. Ukizitazama, njia isiyodai kosa na njia ya kosa zimekaa nyumba moja tangu zamani, na swali zito ni nani amepewa mlango upi. Zanzibar na Kenya mambo haya huamuliwa katika mahakama za kadhi. Tanzania Bara, mume aliyetamka talaka hajamaliza: Baraza la Usuluhishi wa Ndoa likishathibitisha kwamba limeshindwa kuwasuluhisha, na baada ya hapo talaka ikatolewa kwa mujibu wa dini, ndipo mahakama hutamka kwamba ndoa imevunjika na kutoa amri yake.

Baraza hilo nalo linastahili kuelezwa, maana ndipo wengi wanapokwama. Ombi la talaka, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria, halipokelewi bila wanandoa kupita kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, liwe la kata au la jumuiya ya dini. Baraza halitoi talaka. Kazi yake ni kusikiliza pande zote mbili na, likishindwa, kuandika hati inayosema limeshindwa kuwapatanisha. Barua ya kiongozi wa mtaa au ya dini inayosema "tumeruhusu waachane" si hati hiyo. Kesi zimefika hadi Mahakama ya Rufani na mwenendo wote ukafutwa kwa sababu ya karatasi hii moja, baada ya miaka ya nauli, mashahidi na watoto kusubiri. Huo ni uchungu unaozuilika kabisa.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Mwandishi wa habari, mtafsiri au karani akiendelea kuandika "talaka bila kosa", mwananchi atafika mahakamani akidhani sheria inahalalisha dhuluma, au ataogopa kufika kabisa. Tuandike talaka isiyodai kosa pale sheria isipodai kosa, talaka ya kosa pale inapolidai, na kwa sheria ya Bara tuseme ndoa iliyovunjika, kama inavyosema yenyewe.

Nawe unayeandaa ombi lako sasa, itazame hati ya Baraza kabla ya kulipia chochote: iseme kwamba usuluhishi umeshindikana, na isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua shauri.