Fahamu Adabu ya Kumhoji Mtu Usiyemfahamu Mahali pa Umma

Mtu anayesubiri basi katika Kituo cha Magufuli, Mbezi jijini Dar es Salaam, hana wajibu wowote wa kumweleza mgeni umri wake, kipato chake wala idadi ya watoto wake. Akikubali kujibu, amefanya hisani, na mdadisi anapaswa kumwendea kwa kulitambua hilo.

Kukusanya taarifa za namna hii pia kuna mipaka ya kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inamtaka mkusanyaji wa taarifa kumweleza mhusika madhumuni ya kuzikusanya. Kwa upande wa takwimu rasmi, Sheria ya Takwimu inalinda usiri wa mtoa taarifa. Ikumbukwe kuwa sensa ina masharti yake, kwani humo mwananchi anawajibika kujibu. Dodoso la mwanafunzi wa chuo au la kampuni ya biashara ni la hiari, na si haki kuliwasilisha kana kwamba ni amri ya Serikali.

Kabla ya kuingia sokoni au kituoni, mdadisi hujitambulisha kwa uongozi wa eneo husika akiwa na barua na kitambulisho. Kibali hicho humruhusu kufika mahali hapo tu. Ridhaa ya kila anayehojiwa huombwa upya. Mtu mzima huamkiwa shikamoo, na jibu husubiriwa. Kisha mdadisi hutaja jina lake, anakotoka, jambo analochunguza na muda utakaotumika. Akisema dakika tano, ziwe tano kweli.

Wakati nao una uzito wake. Mama lishe mwenye wateja mezani, mpagazi mwenye gunia begani au abiria anayeitwa na kondakta hasimamishwi. Wadadisi wawili wasimzingire mtu mmoja, na mdadisi asimame mahali ambapo mhojiwa anaweza kuondoka bila kumpita.

Maswali mazito hayatangulii. Huanza ya kawaida, kama vile safari au bidhaa anazouza mtu, ndipo yafuate ya kipato na familia. Kipato huulizwa kwa makundi ya viwango, na mhojiwa anaweza kuonyesha kundi lake kwa kidole bila kulitamka mbele ya jirani yake wa kibanda. Kwa mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa, tukio kama Uhuru wa 1961 au Vita vya Kagera husaidia kukadiria umri kuliko kumbana kwa tarakimu. Swali la idadi ya watoto linahitaji uangalifu zaidi. Wapo wasiopenda watoto wao wahesabiwe, na wapo waliozika. Mdadisi akiona uso umebadilika, anyamaze kidogo, kisha aulize kama waendelee au waache.

Vishikwambi, vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022, vimerahisisha kazi, lakini vina kasoro moja: mhojiwa haoni kinachoandikwa. Ni vyema kumwonyesha kioo. Kurekodi sauti au kupiga picha kunaombewa ruhusa ya pekee, na mtoto hahojiwi bila ridhaa ya mzazi au mlezi.

Maneno "sina muda" yanatosha kuwa jibu. Kumfuata mtu hatua kadhaa huku ukimbembeleza hakumpatii mtafiti ukweli, kwani anayejibu ili aachwe hutaja lolote linalomjia, na kosa hilo huingia katika majedwali bila kuonekana.

Mwananchi naye ana haki ya kuomba kuona kitambulisho, kuruka swali au kusitisha mahojiano katikati. Hakuna utafiti halali unaohitaji namba ya siri ya simu au ya benki. Anayeulizwa hiyo asijibu, na atoe taarifa kwa uongozi wa eneo au kituo cha polisi kilicho karibu.