Kiti cha binti aliyekuja: mbao na ulezi katika Ufipa

Simulizi ya asili ya utawala wa Ufipa imejengwa juu ya kiti. Ntatakwa, mtawala wa Milansi, alikuwa ameenda kuwinda, ndipo wanawake watatu wageni wakafika kwake. Mkewe akawapa kiti cha mwene, yaani cha mtawala, wakakikalia, na kwa kukikalia wakaitwaa nchi. Kwao ndiko watawala wa Kitwa walikotoka, ambao baadaye waligawanyika katika tawala mbili, Nkansi na Lyangalile. Chala ya leo, iliyo wilayani Nkasi kwenye barabara ya Sumbawanga kwenda Namanyere, imo katika nchi iliyokuwa ya Nkansi. Fikra iliyobebwa na simulizi hiyo ni nzito: aliyepewa kiti si mgeni tena.

Uwanda wa Ufipa ni nchi ya nyasi na matuta ya mviringo. Miti ya mbao nzuri, kama mninga, hupatikana zaidi katika miombo ya miteremko inayoshukia Ziwa Rukwa upande mmoja na Ziwa Tanganyika upande wa pili. Kwa hiyo chombo cha mti hakikuwa kitu cha kuokotwa njiani. Kinu huanza na gogo lililokatwa na kuachwa kivulini lisikauke kwa haraka likapasuka. Tumbo lake huchimbwa kwa tezo, kidogo kidogo, fundi akiligeuza gogo kila mara ili kuta zibaki na unene mmoja. Ngozi ya nje husuguliwa kwa majani makavu ya msasa, mti ambao jina lake sasa limehamia kwenye karatasi ya dukani ya kulainishia mbao. Mchi wa mtu mzima humlemea mtoto, ndiyo maana wa mtoto huchongwa mwembamba na mfupi, kwa kimo chake. Binti anayechongewa mchi wake amehesabiwa katika kazi za nyumba, na katika chakula chake pia.

Kulea mtoto asiye wa tumbo lako halikuwa jambo geni kwa Wafipa. Mtoto aliyeachishwa ziwa aliweza kuhamia kwa bibi yake, akala na kulala huko, na malezi yakawa mzigo wa ukoo mzima.

Biashara ya watumwa ya karne ya 19 ilileta watoto wa namna nyingine: waliokamatwa mbali, wasio na bibi wala mjomba karibu. Karema, kwenye mwambao wa Tanganyika, ilianzishwa mwaka 1879 kama kituo cha Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika iliyoasisiwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe. Hao waliwakomboa watoto kwa mali, wakawalea, wakawafundisha kazi za mikono, useremala ukiwa mojawapo. Walipokua walioana na kupewa makazi katika vijiji vya misheni. Adrien Atiman, aliyefika Karema mwaka 1889 akiwa tabibu na katekista, naye alikuwa mtoto aliyekombolewa, mzaliwa wa upande wa Timbuktu. Aliwatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Ni haki kusema pia kwamba kukombolewa hakukumrudishia mtoto ukoo wake. Misheni ilimpa jina jipya na jamaa wapya, naye hakuulizwa.

Misheni zilipopanda uwandani, Chala ikiwamo, zilikuja na msumeno, randa na patasi. Milango ya mbao, mabenchi, meza na vitanda vya kuunganishwa vikaingia katika nyumba zilizokuwa zimezoea kigoda cha gogo moja.

Siku hizi kuasili mtoto kunaongozwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Maombi hupelekwa Mahakama Kuu, na ustawi wa jamii huandaa taarifa kuhusu mwombaji na mazingira ya nyumba. Amri ikishatolewa, mtoto huhesabiwa kuwa amezaliwa na wazazi waliomwasili ndani ya ndoa. Kitanda chake, cha futi tatu na nusu kwa sita, huagizwa kwa seremala kabla au baada ya hapo, mbao zikiwa zimepangwa kwa vipande vya kutenganisha ili upepo upite, zikauke sawasawa, zisije zikapinda mtoto akiwa ameshazoea kulala juu yake.