MSALABA NYUMA YA MZINGA



Ndugu zangu katika imani, kuna historia tunayoisikia nusu nusu. Leo tuitazame vizuri.

Mwaka 1219 Miladia, Vita vya Msalaba vimepamba moto pale Dimyat, Misri. Mtawa wa Italia, Francis wa Assisi, akavuka kwenda upande wa Waislamu bila silaha. Alikusudia kumlingania Sultani al-Malik al-Kamil, mtoto wa ndugu yake Salahuddin. Sultani akamsikiliza, asiifuate dini yake, kisha akamwacha arudi salama kwa watu wake.

Sasa tusogee karibu miaka 300 mbele. Julai 1505, Wareno chini ya Francisco de Almeida waliiteka Kilwa yetu. Pamoja nao walikuwemo Wafransisko, watawa wa njia ya yule yule Francis. Wakashuka na misalaba, wakiimba. Sala ilipokwisha, askari wakaanza kupora mji. Wakajenga ngome, na mwaka 1512 wakaihama. Kilwa ikabaki na adhana yake.

Kule Mexico dola haikuhama. Wahispania waliuangusha ufalme wa Waazteki mwaka 1521, na mwaka 1524 wakafika Wafransisko 12 kuanzisha misheni. Mwaka 1562, katika mji wa Maní huko Yucatán, Mfransisko Diego de Landa alichoma vitabu vya Wamaya, na watu wakateswa ili wakiri kuabudu masanamu. Vitabu vyao vya kale vinavyojulikana leo ni vinne tu.

Lakini tuwe waadilifu. Mfransisko mwingine, Bernardino de Sahagún, alijifunza lugha ya wenyeji wa Mexico, akakaa na wazee wao, akaandika vitabu 12 vya habari zao. Hawakuwa wote namna moja.

Zingatia, ndugu yangu: msalaba wa Dimyat na wa Kilwa ni ule ule. Tofauti ni nani aliyetangulia. Dimyat alitangulia mtu na hoja yake. Kilwa ulitangulia mzinga.

Na somo hili si la kuwasema wenzetu tu. Wewe kijana unayemtukana jirani yako Mkristo mtandaoni ukidhani unafanya da'wa, unamfuata nani? Sultani aliyesikiliza, au aliyewasha moto? Suratul Baqara aya ya 256 tumeihifadhi sote. Tuifanyie kazi.

Allah atujaalie hekima katika kulingania. Aamin.

Wabillahi tawfiq.