Kutoka jeni hadi selimundu: maana ya maneno unayoyasikia kliniki

Selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita, ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto hupata maumivu makali ya mifupa, hupungukiwa damu, na mikono na miguu yake huweza kuvimba. Mara nyingi lawama humwangukia mama, au watu hudai mtoto amerogwa. Maneno yafuatayo yanaonyesha ugonjwa huu unatoka wapi.

Seli: Ni chembe hai ndogo sana zinazojenga mwili. Seli nyekundu za damu husafirisha oksijeni kutoka kwenye mapafu.

Kromosomu: Ni nyuzi zilizomo ndani ya seli nyingi za mwili. Kwa kawaida ziko 46, yaani jozi 23. Katika kila jozi, uzi mmoja umetoka kwa baba na mwingine kwa mama.

DNA: Ni kemikali inayounda nyuzi hizo. Humo mna maagizo ya mwili, kama maandishi yenye herufi nne tu.

Jeni: Ni kipande cha DNA chenye agizo fulani, mara nyingi la kutengeneza protini. Jeni nyingi tunazo mbili mbili, moja kutoka kwa kila mzazi.

Protini: Ni mnyororo wa viungo vidogo viitwavyo asidi amino, mfano wa shanga zilizotungwa. Shanga moja ikibadilishwa, protini inaweza kubadilika tabia.

Himoglobini: Ni protini inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu wake. Katika selimundu, herufi moja ya DNA imebadilika, na asidi amino moja ikabadilika nayo. Himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni hushikamana, na seli hupinda kama mundu. Seli zilizopinda huziba mishipa midogo, na hapo maumivu huanza. Pia hufa mapema: seli ya kawaida huishi siku 120 hivi, yenye mundu siku 10 hadi 20. Ndiyo maana damu hupungua.

AA, AS na SS: A ni jeni ya kawaida, S ni ya selimundu. Mwenye SS ni mgonjwa. Mwenye AS ni mbebaji. Kwa kawaida haumwi, na anaweza kuzeeka bila kujua.

Baba na mama wakiwa AS wote, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto SS, 2 kati ya 4 AS, na 1 kati ya 4 AA. Hesabu huanza upya kila mimba. Mtoto SS amepokea S moja kwa baba na moja kwa mama, hivyo hakuna wa kumlaumu mwenzake.

Mwaka 1954, Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo sababu jeni hii imeenea penye malaria nyingi. Kinga hiyo si kamili. Chandarua bado kinahitajika.

Kipimo cha damu huonyesha kama mtu ni AA, AS au SS. Wachumba wanaweza kupima kabla ya ndoa, na mtoto mara anapozaliwa. Mtoto SS akigunduliwa mapema hupewa dawa na chanjo za kumkinga. Akipata homa, mpeleke kituo cha afya mara moja, usisubiri kesho.