Mkunazini: Kanisa Lililosimama Penye Soko la Watumwa

Hujaji anayeingia Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja, bila kusoma chochote ataona mnara, vioo vya rangi na madawati, apige picha zake, aondoke. Aliyesoma hutazama kwanza chini. Mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu, na kwa mapokeo ya kanisa hapo ndipo watumwa walipofungwa na kuchapwa viboko.

Juni 1873 Sultani Barghash, akibanwa na Waingereza, alikubali kufunga masoko ya watumwa, likiwemo hili la Mkunazini. Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa.

Misheni iliyolijenga, UMCA (Universities' Mission to Central Africa), ilizaliwa na hotuba ya mmisionari na mpelelezi David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Mwanzo wake ulikuwa mchungu: kiongozi wake, Askofu Mackenzie, alikufa kwa homa mwaka 1862 katika nchi ambayo leo ni Malawi, na mrithi wake, Tozer, akaihamishia Unguja mwaka 1864. Alifuatana na Edward Steere, mwanasheria aliyegeuka padri, ambaye baadaye alikuwa askofu na mfasiri wa Maandiko kwa Kiswahili.

Steere hakuwa mhandisi, lakini ujenzi aliusimamia mwenyewe. Paa ndilo la kustaajabisha: kuba refu la zege la matumbawe na saruji, lisilo na boriti hata moja. Wengi waliapa kwamba litaporomoka magogo ya kulishikilia yakiondolewa. Bado lipo. Upande wa mahali pa ubatizo, waongozaji huonyesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Inasimuliwa kwamba mafundi walizikosea Steere akiwa safarini.

Si kila simulizi ni la kumezwa zima. Vyumba vya chini ya jengo jirani huonyeshwa kama mahabusu ya watumwa, ilhali jengo hilo lilijengwa na misheni soko likiwa limeshafungwa, liwe hospitali. Baadhi ya wanahistoria wana shaka, na shaka yao ina msingi.

Ndani ya kanisa kuna pia msalaba wa mbao ya mti wa Chitambo, Zambia, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa. Wageni huusikia kama habari ya Livingstone peke yake. Anayepanga safari asome pia habari za watumishi wake, Chuma na Susi, kwa maana wao ndio walioongoza msafara uliobeba mwili wake hadi Bagamoyo.